Kandambili imenivuka njiani na sikujua: ganzi hii inatoka wapi?

Bibi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 47, naishi Mnazi Mmoja hapa Lindi. Kazi yangu ni kubangua korosho na kuuza za kukaanga pale mabasi yanaposimama. Miezi minane sasa mikono na miguu yangu hainipi raha, na nimeamua kukuandikia kabla sijafanya jambo la kujutia.

Ilianza mikononi. Kwenye saa nane za usiku naamka mkono wa kulia umekufa ganzi, halafu unaanza kuchomachoma kama nimeshika upupu. Naukung'uta mpaka unarudi, nalala tena. Kidole gumba, cha shahada na cha kati ndivyo vinavyonitesa, kile cha mwisho hakina neno. Mchana nikimenya korosho ganda la ndani zinaniponyoka. Baadaye na mkono wa kushoto nao ukaanza vilevile.

Miguu ikafuata. Usiku nyayo zote mbili zinawaka moto, hata shuka sitaki iziguse. Nashuka kitandani naziweka kwenye saruji zipoe. Mchana kuwaka kunapungua, ila nahisi kama nimevaa soksi na wakati sijavaa. Mwezi uliopita nimerudi kuuza, mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, kandambili yako nyingine iko wapi?" Nikatazama chini, mguu mmoja mtupu! Imenivuka njiani, nimetembea peku mpaka nyumbani na sikujua.

Duka la dawa nimechomwa sindano za maumivu mara nne, na nimepewa vidonge vyekundu vya vitamini vya mishipa, nameza viwili kwa siku, mwezi wa tano sasa. Mama mkwe anasema ni mihogo michungu. Mume wangu anasema nimetupiwa kitu, kwa sababu marehemu mama yangu naye alianza hivihivi: miguu ikafa ganzi, akakanyaga kitu, kidonda kikakataa kukauka, mwisho akakatwa mguu na hakuishi mwaka. Tumepata mganga, anataka laki mbili na kuku mweusi, tukishalipwa korosho tuende. Kwa sasa ametupa majani ya kuchemsha niloweke miguu.

Jumamosi wifi yangu alinichemshia. Nimekaa miguu imo ndani ya beseni, yeye akatia mkono kuongeza majani, akautoa mbio: "Wifi, maji haya yanaunguza!" Mimi nilikuwa naona ya vuguvugu. Jana asubuhi nimekuta lengelenge kubwa ubavuni mwa kidole gumba cha mguu. Haliumi kabisa.

Sina ugonjwa mwingine. Nimekonda kidogo na nina kiu sana, usiku naamka kukojoa mara tatu nne, lakini joto la huku unalijua, na maji nakunywa mengi.

Bibi, hii ni nini? Nimerogwa? Na je, niache kubangua korosho? Maana ada za watoto zinatoka humohumo.

Mwanao,
Mbanguaji, Mnazi Mmoja

JIBU LA BIBI

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Kwa hiyo nianze na lengelenge, mengine yatafuata.

Unaposoma hapa, ukiweza leo, ukishindwa kesho asubuhi, nenda kituo cha afya wakaliangalie. Usilitumbue. Usipake majivu, dawa ya meno wala majani. Lifunike kwa kitambaa safi au gozi, vaa kiatu kisicholibana, uende. Beseni la maji ya moto liishie hapo. Mguu usiohisi moto hauna mlinzi, nao utaungua tena mara ya pili na ya tatu huku wewe unaona maji ya vuguvugu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na vidonda vilivyonihuzunisha kuliko vyote ni vile ambavyo mwenyewe alikuja akisema, "Hakiumi, sista." Kisichouma hicho ndicho cha kukimbilia.

Sasa tuongee. Mimi siwezi kukupima kwa barua, na atakayekwambia ana jibu la uhakika kabla hajakutoa hata tone la damu, mwogope. Lakini umeeleza vizuri sana kuliko wengi, na katika maelezo yako naona ganzi mbili, wewe umezifunga kwenye fungu moja.

Ya mikono ina ramani yake. Kwenye kifundo cha mkono, pale unapovalia bangili, kuna njia nyembamba. Ndani yake zinapita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Mshipa huo unahudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kinachofuata. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine, unapita njia nyingine, ndiyo maana chako hakina neno. Mtu anayekunja na kubana kwa vidole siku nzima, kama mbanguaji, fundi cherehani au msusi, kano zake huvimba, na njia ikishajaa mshipa wa fahamu hubanwa. Usiku tunalala tumekunja viganja, kunabana zaidi, unaamka unakung'uta mkono. Huko kukung'uta tu, daktari akikusikia, atakuwa ameshaanza kuelewa.

Jipime hapo ulipokaa. Kutanisha migongo ya viganja vyako viwili mbele ya kifua, vidole vielekee chini, viwiko vikae juu, kaa hivyo dakika moja. Vidole vile vitatu vikianza kuchomachoma, una la kumweleza daktari. Tiba ya kwanza ya hali hii wala haina kidonge: ni kifaa cha kufungia kifundo usiku kisikunjike, unalala nacho wiki kama sita. Hospitali yenye wataalamu wa mazoezi ya viungo watakutengenezea au watakuelekeza. Ikishindikana ipo sindano ya kupunguza uvimbe inayochomwa palepale kwenye kifundo na daktari anayejua, na mwisho upasuaji mdogo wa kufungua ile njia. Ila ukiona nyama ya chini ya gumba inabonyea, au unashindwa kufunga kifungo, usikae kungoja wiki sita ziishe.

Ya miguu ndiyo inayoninyima usingizi. Imeanza nyayo zote mbili kwa pamoja, inawaka usiku, mchana kama soksi, kandambili inavuka hujui, maji yanaunguza hujui. Juu yake umekonda, una kiu, unaamka kukojoa mara nne. Umeyaandika haya mwishoni kama kitu kidogo, baada ya kusema huna ugonjwa mwingine. Mwanangu, hayo ndiyo niliyoyasoma kwanza. Joto la Lindi nalijua, nimekaa Lindi na Mtwara umri wangu wote, lakini joto humtoa mtu jasho, halimwamshi kukojoa usiku kucha. Nataka upimwe sukari.

Sukari ikikaa juu kwenye damu muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayotoka mgongoni kwenda mpaka kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana huanzia chini, pande zote mbili, halafu hupanda taratibu. Watu wengi hukaa na kisukari miaka bila kujua, na ganzi hii ndiyo inayowafikisha hospitali. Na sukari hiyohiyo humfanya mtu apate kirahisi zaidi ule ubanaji wa kifundo cha mkono, kwa hiyo ganzi zako mbili huenda zina mama mmoja.

Kipimo ni tone la damu ya kidole. Nenda asubuhi hujala kitu tangu usiku, maji matupu ruksa. Ikisoma 7.0 (kwa mashine inayosoma mmol/L) au zaidi, hicho ni kiwango cha kisukari, watarudia siku nyingine kuthibitisha. Ukipimwa wakati wowote umeshakula, ikafika 11.1 au zaidi na dalili hizo unazo, jibu ni hilohilo. Usitoke bila kuiona namba. Iandike kwenye daftari lako.

Juu ya marehemu mama, Mungu amrehemu. Sijui alikuwa na nini, na sitamsemea. Lakini miguu kufa ganzi, kukanyaga kitu bila kusikia, kidonda kisichokauka, kukatwa mguu: njia hiyo nimeiona ikipitiwa na wagonjwa wa sukari wengi mno. Kisukari hutembea kwenye ukoo. Mume wako ameona kweli kwamba kilichompata mama kinakujia na wewe, hapo sina ugomvi naye. Tunapotofautiana ni jina la hicho kitu. Mwonyeshe barua hii. Mwambie bibi hakatazi mtu imani yake, anaomba kitu kimoja tu: namba ya sukari itangulie kabla ya kuku. Kipimo kitakula sehemu ndogo tu ya hiyo laki mbili, na mguu hauwezi kungoja malipo ya korosho.

Vidonge vyekundu viache kwanza, na pakiti uende nayo kwa daktari. Vidonge vya namna hiyo huwa na vitamini B1, B6 na B12. Baadhi vina miligramu 200 za B6 kwenye kidonge kimoja, wakati mwili wa mtu mzima kwa siku nzima unahitaji chini ya miligramu 2. B6 ikizidi kwa miezi mingi, yenyewe hudhuru mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile uliyokuwa unaikimbia. Inaniuma kuona duka linamuuzia mtu miezi mitano bila kumuuliza hata kama amepima. Zile sindano za maumivu nazo ni za viungo na misuli, moto wa nyayo hauzisikii, na kama sukari imeshagusa figo zako, sindano hizo zinaziongezea mzigo.

Daktari lazima umweleze na mengine, kwa sababu ganzi ina milango mingi na sitaki tufunge mmoja tukasahau mingine. Kama umewahi kutumia dawa za kifua kikuu, sema. Mojawapo, isoniazidi, hupunguza B6 mwilini, ndiyo maana mgonjwa huongezewa B6 kidogo kwa kipimo. Unaona jinsi kitu kimoja ni dawa kwa huyu na madhara kwa yule? Virusi vya UKIMWI navyo hugusa mishipa ya fahamu, hivyo ukiambiwa upime kubali, wala usione umetukanwa. Pombe ya miaka mingi pia. Sijui kama wewe unakunywa, lakini najua msimu wa mabibo uraka na gongo ziko kila kona, na wako wanaume kijijini kwenu wanaosoma hapa na nyayo zinawawaka. Nao wajiangalie. Upungufu wa B12, kwa asiyegusa samaki, nyama, mayai wala maziwa, huleta ganzi. Tezi ya shingo ikilegea, vivyo hivyo.

Halafu kuna moja ambalo watu hawapendi kulitaja, mimi nalitaja kwa sababu mikoa yetu ya kusini bado ina wagonjwa wake: ukoma. Mwombe wifi yako akuangalie mgongo, makalio, mikono na miguu mahali penye mwanga. Akiona baka lililopauka au jekundu, aliguse kwa ncha ya pamba ukiwa umefumba macho. Ukiwa huhisi hapo, nenda ukalionyeshe. Dawa zake ni bure, zinamezwa miezi 6 au 12 kulingana na mabaka, na mtu anapona. Akichelewa, vidole havirudi.

Mama mkwe naye nisimpuuze, maana hakutoa neno lake hewani. Miaka ya mwanzo ya 2000 Mtwara ilipata watu waliopooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo, uliotokana na mihogo michungu ambayo sumu yake haikutolewa vya kutosha, na chakula kingine kilikuwa haba. Lakini konzo humjia mtu ghafla, amelala mzima anaamka miguu imekakamaa hawezi kutembea vizuri, na wanaopata zaidi ni watoto na kina mama vijana. Yako imekuja polepole, inawaka na kuchoma. Sioni kama ndiyo. Hata hivyo, kama nyumbani mnakula ugali wa muhogo mchungu, unga ukishatwangwa ulowanisheni kwa maji, mtandaze mwembamba kwenye mkeka saa mbili juani au saa tano kivulini, ile sumu itoke kama hewa, kisha mpike siku hiyohiyo. Mwambie mama mkwe nimemshukuru.

Ikithibitika ni sukari, usilie mpaka ukose nguvu za kuandikishwa kliniki. Watakupangia chakula na dawa, huenda ukaanza na metformini. Ukiitumia miaka, wakumbushe kuangalia B12, kwa sababu huishusha. Kwa huo moto wa usiku zipo dawa zake hasa, kama amitriptilini kwa dozi ndogo kabla ya kulala, au gabapentini. Anaziandika daktari, usiende kuzinunua mwenyewe dirishani. Wiki za mwanzo, sukari inaposhuka, kuna watu ambao nyayo huwawaka zaidi kidogo. Usidhani dawa imekukataa ukaiacha, rudi ukaseme. Mshipa wa fahamu hupona kwa mwendo wa konokono, kama milimita moja kwa siku pale unapoweza kupona, na uliokufa kabisa haurudi. Kazi kubwa ni kuzuia usiendelee kuharibika, na hiyo inawezekana.

Miguu yako kuanzia leo iangalie kama unavyomwangalia mtoto mchanga. Kila jioni kaa kwenye mwanga, tazama juu na chini na katikati ya vidole. Usipoweza kuona nyayo weka kioo sakafuni au mwite mwanao. Kandambili ziache, tafuta kiatu cha kufunika kinachoshika nyuma, na kabla hujakivaa tia mkono ndani upapase: msumari, jiwe, ganda la korosho. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, au mwombe mwingine. Sugu usizikate kwa wembe. Na usikae na miguu karibu na moto unapokaanga, maana hutasikia.

Kutoka hapo Mnazi Mmoja uko njia panda, umebahatika. Ukishika ya Lindi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, ukishika ya Masasi utaikuta Nyangao kabla hata hujafika Ndanda. Kituo cha karibu kikikosa kipimo, panda gari. Mwombe muuguzi akuguse nyayo kwa kile kijiuzi kigumu cha nailoni, ukiwa umefumba macho, akuonyeshe ni sehemu gani husikii. Hizo ndizo za kulindwa zaidi.

Mambo haya hayasubiri kliniki, na namwambia kila msomaji: ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda kando au maneno kukwama, ganzi inayopanda kutoka miguuni kwa siku chache huku nguvu zikiisha, ganzi ya mapajani na sehemu za siri pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, na ninyi wa pwani, midomo na ulimi kuchomachoma baada ya kula samaki aitwaye bunju. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Umeniuliza kama uache korosho. Hapana, usiache. Punguza kukaa mkao mmoja: kila baada ya nusu saa weka chini, nyoosha vidole, zungusha vifundo, kazi ya kumenya ganda la ndani mgawie binti mkubwa kwa zamu, wewe ushike kupima na kufunga. Vaa glavu au paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kubangua, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi, na vidole vilivyokufa ganzi havitakuonya. Usiku funga vifundo vilale vimenyooka.

Ukishapima, niandikie ile namba iliyosoma, na uniambie lengelenge limefikia wapi.

Bibi yako,
Mtwara